Mwaka Walipoazima Mkono Wangu

Juma lililopita tulimzika Perusi, na katika umati wote ule uliojaa kanisani nadhani ni mimi peke yangu niliyekwenda kuhakikisha. Sisemi hivyo kwa mzaha. Magoti yananiuma, jua la Dodoma mwezi huu halina huruma, na ningeweza kabisa kutuma rambirambi nikabaki nyumbani na chai yangu. Mchungaji, kijana ambaye hata mama yake hakuwa amezaliwa wakati wa mambo haya, alisimama akasema marehemu ndiye aliyewavika wasichana wa nchi hii, kwamba aliwakuta na ngozi akawaacha na magauni. Watu wakaitikia amina. Kisha akanigeukia mimi, maana wengine wote wa bweni letu wamekwisha kufa, akaniomba niseme maneno mawili ya ushuhuda. Nikasimama, nikasema, "Alikuwa na mkasi mkali," nikakaa. Wakadhani nimemsifu. Mama mmoja pembeni yangu hata alifuta machozi.

Basi nitaandika habari za mwaka mmoja tu, ule ambao reli ya Mjerumani ilifika Gulwe, karibu na misheni niliyosoma. Ya kabla yake hayana haja hapa. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita na nilikwisha kumpita kila mtu wa misheni kwa urefu, Padre na walimu wakiwemo. Mjerumani alikuwa ndiyo kwanza amesimika nguzo za simu kando ya reli yake, na haikupita wiki wasichana wa bweni wakaniita Nguzo. Chumba chetu cha kushona kilikuwa upande mmoja wa tembe refu lenye paa la udongo, kiza ndani, harufu ya moshi na kitambaa kipya, na boriti ya mlangoni ilikuwa sawasawa na paji langu la uso. Nilijigonga pale mwaka mzima. Kila nilipojigonga, Perusi alisema bila kuinua macho kwenye sindano yake, "Boriti haijakosea."

Perusi alikuwa mke wa mwalimu wa kwanza wa misheni. Hakutuzidi sana kwa umri, labda miaka minane au tisa, lakini tulimwamkia shikamoo na kumwita Mama Mwalimu, na chumba cha kushona kilikuwa chake kama vile boma lilivyokuwa la Mjerumani. Alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, mwenye vidole vyepesi. Nasema kweli, sijaona tena mshono kama wake. Alikuwa na kipimo cha kukatia magauni, cha karatasi ngumu, kilicholetwa kutoka Ulaya, alichokifungia sandukuni kwa kufuli, na kipimo chenyewe kilikuwa cha namna tatu: mtoto, binti na mama. Kila mtu alitakiwa awe mmojawapo. Mimi nilikuwa binti. Gauni la binti lilinifika katikati ya miundi, mikono yake ikaishia chini kidogo ya kiwiko, na kiuno chake kikanikaa mbavuni. Nilipomwambia Perusi kwamba linanibana kwapani alilivuta kwa nguvu kushuka chini, akatazama, akasema, "Gauni ni zima. Wewe ndiye uliyezidi."

Neno hilo, kuzidi, nimelisikia maisha yangu yote. Hadi leo fundi wa pale sokoni ananizunguka na futi yake, anaandika, anafuta, anaandika tena, mwishoni ananiuliza kama kwetu wote ndivyo tulivyo. Nimemaliza mafundi wengi. Wengine wanakata kwa mazoea halafu wanataka nicheke nao nikija kujaribu. Nilipokuwa mdogo nyumbani nilivaa ngozi, na nilipoongezeka, ngozi nayo iliongezwa kipande, kikalainishwa kwa mafuta, mambo yakaisha. Hakuna aliyesema ngozi ni nzima na mimi nina kasoro. Hilo nilikwenda kufundishwa misheni, pamoja na kusoma.

Kusoma ndiko kulikoniweka pale. Nilikuwa nimefika nusu ya kitabu cha pili, na nilikitaka kitabu kile kama mtu wa safari anavyotaka maji. Lakini sheria ilikuwa wazi: msichana ambaye hangebatizwa Krismasi ile angerudi kwao, na nafasi yake bwenini angepewa mwingine. Na hakuna aliyebatizwa ila kwa gauni jeupe la merikani, kitambaa cha pamba, linalofunika vifundo vya miguu. Hiyo ya vifundo ilikuwa sheria ya Perusi, nadhani, kwa maana sikuwahi kuiona kwenye kitabu chochote, lakini Padre aliikubali kama alivyokubali mambo mengi yaliyotoka chumba cha kushona. Tulikuwa wasichana kumi na wawili. Kumi na mmoja hawakuwa na wasiwasi wowote.

Jioni moja tulikuwa uani tunakula, ugali wa uwele na mlenda, na nyuma ya ukuta Perusi na mumewe walikuwa wanakula chao. Kuta za tembe ni nene lakini dirisha ni tundu tu. Nikamsikia Mwalimu, mtu mpole asiye na neno, akisema, "Mwongezee kitambaa yule mtoto wa watu. Miguu itakuwa nje kanisani." Perusi akajibu, "Nikimwongezea huyu, kesho mwingine ataniletea tumbo lake, na wa kesho kutwa makalio yake. Kila msichana mikono minne. Mungu hapendelei." Mwalimu akaendelea kula. Lea, aliyelala mkeka mmoja nami, mfupi, mnene, binti kamili wa karatasi ile, akanisogezea bakuli la mlenda bila kunitazama. Sikula zaidi.

Hapa lazima nieleze mikono minne, kwa sababu vijana wa siku hizi wanajua mita tu. Wakati ule nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, minane ni doti. Na desturi ya kwetu tangu enzi za misafara ilikuwa hivi: muuzaji anataja bei, mnunuzi anachagua mkono. Wagogo hatukuwa wajinga. Mtu hakuenda kununua nguo peke yake. Alimtafuta ndugu au jirani mwenye mkono mrefu, akaenda naye. Mwenye duka alikuwa Bwana Saidi, Mrangi wa Kondoa, aliyehamia karibu na reli na majora yake ya merikani na kaniki. Alikuwa mtu wa swala tano na mdomo mkali, na mkono wake mwenyewe, kama ungemwachia apime, ulikuwa mfupi ajabu. Aliukunja kiwikoni kwa namna aliyoijua yeye.

Kiangazi kile tulitumwa chumvi dukani, Lea na mimi, tukawakuta akina mama wa kijijini wanagombana naye juu ya doti. Waliponigeukia kunitazama walicheka kwanza, kama kawaida. Mmoja akauliza kama huko juu mvua imeshaanza kunyesha. Kisha yule aliyekuwa akinunua akanishika kifundo cha mkono, akaunyoosha mkono wangu juu ya meza kama mtu anayekagua mguu wa mbuzi.

"Huyu atanipimia," akasema.

Bwana Saidi akaruka. "Nimewaambia mlete mtu. Huyo mliyemleta ni ufito wa kupaulia!"

"Desturi ni mkono, Bwana Saidi. Huu si mkono?"

"Mkono wa binadamu!"

"Basi mguse uone kama si binadamu."

Nikapima. Mkono wangu uliuzidi wake kwa vidole vinne, na katika doti moja ziada ilipita mkono mzima. Akina mama walipiga vigelegele. Wakati tunatoka nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mkono ndio mzuri. Kwingine kote Mungu alisahau kusimama." Tangu siku ile wakawa wanakuja hadi uzio wa misheni kuniita, na njia nzima wananicheka, na tukifika dukani wananyamaza. Waliutaka mkono, mwili uliobaki wakautembeza kama mzigo. Nami nilikwenda. Nilikuwa na umri wa kupenda kuitwa, hata na watu nisiowapenda.

Habari zilimfikia Perusi. Sikuwahi kumwona akifurahi kama asubuhi ile aliyonijia na kusema tunakwenda kununua merikani ya ubatizo, wasichana kumi na wawili, mikono minne kila mmoja, na mpimaji ni mimi. Njiani alinitangulia hatua mbili na hakunisemesha. Dukani alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akasema kwa sauti ya kanisani, "Nyoosha vizuri. Usikunje." Bwana Saidi alikuwa amekunja uso hadi haonekani macho. Nikapima hadi kiwiko kikaniuma, na jora likaisha kabla ya wasichana kuisha, likafunguliwa jingine. Tuliporudi Perusi alikata magauni yote kwa karatasi yake, na kwa kuwa karatasi haikujua mkono wangu ni mrefu, kilibaki kitambaa kingi. Nilikiona. Alikikunja vizuri, akakiweka sandukuni juu ya kipimo, akafunga kufuli.

Nikamwomba. Nilisubiri wenzangu watoke, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa kuomba, nikasema, "Mama Mwalimu, naomba kipande cha pindo. Shibiri moja tu, kuzunguka."

"Umepata mikono minne?"

"Nimepata, Mama."

"Wenzako wamepata mingapi?"

"Minne."

"Sasa unaomba nini?"

Ningeweza kusema kwamba hiyo minne yote ilitoka kwangu. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni kabisa. Lakini nilimwogopa, na nilikuwa nimepiga magoti, na mtu akiwa amepiga magoti maneno ya namna hiyo hayatoki. Nikasema asante. Jumapili iliyofuata Perusi alikuja kanisani na mikono mipya ya gauni, mipana, ya merikani safi.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho walichokiita wizi, kwa hiyo nitakieleza kama kilivyokuwa. Akina mama walipokuja tena uzioni niliwaambia sitakwenda bure. Kila nitakayempimia merikani, akifika nje, atanikatia shibiri moja kutoka katika ile ziada. Walilalamika, wakaniita mchoyo, wakasema misheni imeniharibu, lakini walikubali kwa sababu bado walibaki na faida. Nilipata vipande vitano. Vitatu vilitosha kuzunguka pindo na viwili vilikwenda kwenye mikono. Vilitoka majora tofauti, kimoja cha manjano kidogo, kingine kigumu kama turubai, na nilivichemsha mara nyingi hadi vikakaribiana rangi. Nilivishona mchana tulipoachiwa kupumzika, nyuma ya ghala la nafaka, Lea akinilinda. Siku niliyolivaa gauni kulijaribu, Lea alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama chini, akasema, "Vifundo vimepotea." Niliinama kuviangalia na kwa kweli havikuonekana. Nilitembea kwenda na kurudi nyuma ya ghala lile, nikasikia kitambaa kikinigusa visigino kila hatua. Nilikuwa sijawahi kuguswa na nguo yangu mahali pale. Nilifurahi hadi nikalia, na sioni aibu kusema hivyo.

Wiki moja kabla ya Krismasi Bwana Saidi alikuja misheni. Alikuwa amepima majora yake na kukuta yamekwisha kabla ya wakati. Alisimama barazani mbele ya Padre, kofia mkononi kwa adabu lakini sauti juu, akasema hana ugomvi na dini ya mtu, ila misheni inafuga mkono unaomfilisi. Akasema mkono ule unalipwa kwa vitambaa, akina mama wamemwambia wenyewe. Padre, Mzungu mfupi mwenye Kiswahili cha kitabuni, akamwita Perusi. Na Perusi, aliyekaa kwenye kigoda kile akaniambia nisikunje, alisema, "Ni kweli, Padre. Msichana huyu ana tabia ya kunyoosha mkono."

Niliitwa nije na gauni langu. Perusi alilitandaza mezani, akalipindua, akaona mshono. Najua aliona ni mshono mzuri, kwa sababu alipitisha kidole juu yake mara mbili. Kisha akachukua mkasi. Alifumua pindo lote na nyongeza ya mikono mbele ya Padre, mbele ya Bwana Saidi, mbele ya wasichana waliojazana mlangoni, bila haraka, akikata uzi kwa uzi, na vipande vikaanguka mezani kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo yale maneno yalipotoka. Nilikuwa nimesimama safari hii. Nikasema, "Padre, magauni yote kumi na mawili nimeyapima kwa mkono huu huu. Mama Mwalimu alikuwepo. Kama vipande hivi ni vya wizi, basi wote watabatizwa kwa nguo za wizi. Na zilizomo sandukuni mwake pia. Na hiyo mikono aliyovaa."

Bwana Saidi alitazama mikono ya gauni la Perusi kwa makini, kama mfanyabiashara. Perusi akasema polepole, "Unaona, Padre? Urefu umeshafika hadi ulimini."

Padre alijishika ndevu. Nadhani alijua ukweli, na jambo hilo ndilo nisilomsamehe kuliko mengine. Akasema magauni ya wengine yamekwisha kushonwa na sikukuu haiwezi kuvunjwa kwa sababu ya kitambaa. Vipande vitano arudishiwe Bwana Saidi. Habari ya sanduku hakuigusa. Kuhusu mimi, akafikiri kidogo, uso ukamng'aa kwa kupata njia. "Ataingia kanisani kabla ya kengele na kupiga magoti. Atabatizwa amepiga magoti, atatoka watu wakishaondoka. Hivyo gauni litafika chini." Bwana Saidi aliviokota vipande vyake, akavigeuza mkononi, akauliza hewa, "Nitavifanyia nini hivi? Tambi za taa?" Ningependa kuandika kwamba nilikataa palepale. Sikukataa. Nilikumbuka kitabu, nikasema, "Ndiyo, Padre."

Asubuhi ya Krismasi niliingia kanisani peke yangu. Sakafu ilikuwa ya udongo uliosiribwa samadi siku ile ile, bado na unyevu, na magoti yangu yakazama kidogo. Kengele ikalia, watu wakaingia, wakajaa hadi madirishani. Akina mama wa dukani walikuwa nyuma yangu na niliwasikia wakiulizana Nguzo yuko wapi, mmoja akajibu, "Si yule? Wamemkunja," wakacheka kwa pua. Nyimbo zikaimbwa, hotuba ikatolewa, na ilikuwa ndefu. Miguu ilikufa ganzi. Wenzangu walikwenda mmoja mmoja mbele ya bakuli la maji, wakasimama, wakamwagiwa, wakarudi na majina mapya. Lea alirudi akilia kwa furaha, gauni lake likifagia sakafu. Mimi niliwekwa mwisho. Perusi, aliyekuwa mdhamini wetu sote, alikuja akasimama nyuma yangu na kuniwekea mkono begani, na Padre akanifuata pale nilipo, bakuli mkononi.

"Jina?" akauliza.

Sikuwa nimepanga. Watu walioniuliza baadaye hawakuniamini, lakini sikuwa nimepanga. Nilisema, "Damari," na nikiwa nalisema nikasimama. Mkono wa Perusi ulinikandamiza bega, nikamsikia akinong'ona kwa ukali, "Chini! Piga magoti!" lakini bega lilikuwa linapanda na mkono wake haukuweza kulifuata, ukateleza mgongoni ukaachia. Nilisimama kwa urefu wangu wote. Gauni lilikuwa katikati ya miundi, lenye uzi uliokatika ukining'inia, na miguu yangu ilikuwa imejaa udongo na samadi. Kanisa zima liliona. Nilimsikia mtu akivuta pumzi.

Padre alikuwa na maji kiganjani, yanavuja. "Inama, binti," akasema taratibu.

"Siwezi, Padre. Nimeinama tangu kabla ya kengele."

Alinitazama. Alimtazama Perusi, akawatazama watu, na mimi nikaona wazi kwamba angeweza kugeuka na kuondoka, na kwamba akigeuka, kesho yake mimi niko njiani kurudi kwetu. Sikuyakunja magoti. Kisha akavuta kwa mguu kibao cha kupigia magoti, akakipanda, akayumba kidogo, Mwalimu akamshika kiwiko, na kutoka juu ya kibao kile akanimwagia maji mara tatu. Hakuna aliyecheka.

Shule ilipofunguliwa baada ya sikukuu, Perusi ndiye aliyesimama mlangoni mwa bweni kuita majina, na orodha ilikuwa imeandikwa na Padre mwenyewe. Asiyeitwa aligeuka na mkeka wake. Nilisimama mwisho wa mstari nikimtazama akishuka na kidole kwenye karatasi, jina kwa jina, hadi kidole kikakaa mahali pamoja bila kusogea. Alinyanyua macho, akayanyanyua tena hadi yakanifikia usoni, na kwa muda tulitazamana hivyo, yeye na mimi, bila hata chembe ya upendo. Kisha akasema, "Damari," nami nikaitika, nikampita, nikaingia kusoma.